Kabati la droo limetoka madoa baada ya kupakwa rangi

Kutoka: Mama Pacha

Habari zenu ndugu. Wazoefu wa kugeuza vitu vya mitumba, nisaidieni kabla hili kabati sijalipeleka jalalani.

Nimelipata kwenye duka la vitu vilivyotumika. Droo tano, zito, halitikisiki, ila sura yake ni ya kizamani hasa: kahawia iliyoiva mpaka inakaribia weusi, vanishi inayong'aa kama kioo, vishikio vya dhahabu vyenye maua maua. Nikasema nitalipaka jeupe likae sebuleni chini ya televisheni. Jumamosi nikapaka mkono wa kwanza, likapendeza. Jumapili naamka nakuta mabaka ya waridi yamejitokeza, utadhani kabati linatoka jasho la damu. Nikapaka mkono wa pili, yakarudi. Wa tatu, yakarudi. Na juu yake, pale watoto walipokwaruza kwa kucha, rangi inatoka vipande vipande kama gamba la nyoka.

Kopo zima limeisha. Rangi niliyouziwa ni mbovu, au mbovu ni mimi?

Kutoka: Fundi Mstaafu

Mama Pacha, pole sana mwanangu. Rangi yako haina kosa. Una matatizo mawili, na yote yalikuwepo kabla hujafungua kopo.

Madoa kwanza. Mbao kama mahogani na mwaloni zina tanini, yaani kemikali ya asili inayotia rangi, ndani yake, na samani nyingi za zamani zilitiwa pia rangi nyekundu ya kukoleza kabla ya vanishi. Rangi ya maji ikigusa mbao hizo huyayeyusha hayo yote, na inapokauka huyavuta juu. Ndiyo maana kila mkono ulioongeza ulikuwa unailowesha mbao upya na kuita doa jingine. Ungepaka mikono kumi ungepata matokeo yale yale. Kinachokata mchezo huo ni praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia, ya kuzuia madoa, na ya shelaki ndiyo ninayoiamini. Shelaki ni utomvu wa wadudu wadogo, huyeyushwa kwenye spiriti, hukauka ndani ya saa moja hivi. Inanuka vibaya, kwa hiyo fungua madirisha na usiwe karibu na jiko lenye moto. Brashi yake huoshwa kwa spiriti. Ukiipeleka kwenye maji umeiua.

La pili, kubanduka. Vanishi inayong'aa haina meno ya kushika rangi, na juu yake kuna nta na mafuta ya kung'arishia ya miaka mingi. Ungeosha kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni inayokata mafuta, ukasuuza, ukaacha ikauke kabisa, kisha ukapitisha msasa namba 120 au 150. Huhitaji kufika kwenye mbao tupu. Unataka ule mng'aro ufe tu. Inama uangalie kwa mshazari dhidi ya mwanga wa dirisha: panapong'aa bado, rangi haitashika. Baada ya praima pitisha msasa laini, 220, kwa mkono mwepesi, futa vumbi, ndipo upake rangi mikono miwili myembamba. Mmoja mzito ni uvivu, na utaonekana.

Na hili ni la kila mtu humu: ukikuta kitu cha kale kilichopakwa rangi, siyo vanishi, usikimbilie msasa. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi. Marekani, kwa mfano, ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978, kwa hiyo kitu cha kabla ya hapo ni cha kushukiwa. Vumbi lake likiingia kwa mtoto linadhuru ubongo. Kama huwezi kupata kipimo, kiache dukani.

Kutoka: Dada wa Ghorofa ya Nne

Mzee wetu amemaliza, lakini mimi nina ugomvi na hii tabia ya kupaka kila kitu cheupe. Samahani Mama Pacha, sikulengi wewe peke yako! Nusu ya vitu tunavyoviita vya kizamani havina ubaya wa umbo, vina ubaya wa nguo. Mimi nikiingia dukani nafumba jicho moja kwenye rangi. Natazama miguu, naivuta droo mpaka itoke, nageuza mgongo wa kitu. Pembe za droo zikiwa zimeshikana kwa meno ya mbao yaliyoingiliana, nachukua hata kama limepakwa kijani cha chura. Zikiwa zimepigwa pini tu kwenye chipbodi (ubao wa chembe za mbao na gundi) iliyovimba kwa maji, hata wanipe bure naliacha. Chipbodi ikishavimba hairudi.

Tahadhari moja kuhusu msasa: hakikisha siyo vinia. Ni ngozi ya mbao nzuri iliyobandikwa juu ya mbao ya kawaida, na nyingine ni nyembamba chini ya milimita moja. Angalia ukingo wa ubao wa juu: mistari ya mbao ikikatika ghafla pale, badala ya kukunja na kuendelea pembeni, hiyo ni vinia. Mimi nilitumia mashine ya msasa kwenye meza ya namna hiyo, nikasimama sehemu moja sekunde chache tu, nikatoboa shimo la ukubwa wa kiganja. Nimelifunika kwa trei mpaka leo.

Vishikio navyo usivitupe kabla hujavijaribu kwa sumaku. Ikinata, ni chuma kilichopakwa. Isiponata, huenda umekalia shaba halisi ambayo ikisuguliwa inazaliwa upya. Ukiamua kununua vipya, pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu la pili, siyo urefu wa kishikio chenyewe. Vipimo vya kawaida ni milimita 96 na 128. Mimi nilikisia kwa vidole, nikaletewa vishikio kumi ambavyo hakuna hata kimoja kilichoingia.

Kutoka: Kaka Mpangaji

Droo zikigoma, sugua mshumaa kwenye reli za mbao. Skrubu ikizunguka bure tunduni, jaza njiti za meno zilizochovywa gundi ya mbao, acha ikauke, ukate sawa, urudishe skrubu. Na jamani, kabla ya urembo wote huo: kunguni. Mulika tochi kwenye pembe za ndani na mashimo ya skrubu, tafuta vidoa vyeusi kama nukta za kalamu. Vitu vya kitambaa vipitishwe kwenye mashine ya kukaushia kwa joto la juu nusu saa kabla havijagusa kitanda chako.

Sisi wa nyumba za kupanga tusioruhusiwa kugusa kuta, fremu ndizo mkombozi. Nanunua picha kubwa mbaya kabisa kwa ajili ya fremu yake, natoa picha, nanyoosha kipande cha kitambaa nilichokipenda juu ya kadibodi, nakirudisha ndani. Siigongei msumari, naiegemeza juu ya kabati. Siku ya kuhama naondoka nayo.

Kutoka: Mama Pacha

Ndugu, ripoti. Ile rangi iliyokuwa inabanduka imegeuka kuwa bahati. Kwenye ubao wa juu nimeingiza kikwangulio cha plastiki ikatoka karatasi nzima nzima, nikabaki na vanishi ya zamani kama sikuwahi kupaka kitu. Dada, nimeangalia ukingo: ni vinia. Kwa hiyo mashine sikuigusa. Nimepaka dawa ya kuondoa vanishi, nikasubiri ifanye mapovu, nikaikwangua taratibu kufuata mistari ya mbao. Chini yake, jamani! Wekundu uliotulia, mistari kama maji yanayotiririka. Nimeona haya kwamba nilitaka kuifunika.

Basi juu pamebaki mbao, nitapapaka mafuta ya kitani. Mwili wenyewe nimepiga praima ya shelaki mikono miwili na rangi ya kijivu cha bluu. Siku ya tatu leo, hakuna doa. Vishikio havikunata kwenye sumaku. Nimevichemsha kwenye maji na sabuni, vanishi yake ikachubuka, nikavisugua. Yale maua niliyokuwa nayacheka sasa watoto wanagombania droo yenye kishikio kinachong'aa zaidi.

Kutoka: Fundi Mstaafu

Hongera mwanangu. Lakini soma hili kabla hujafungua hayo mafuta. Kitambaa chenye mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa kwenye ndoo ya taka hujipasha joto chenyewe kinapokauka, na kinaweza kuwaka bila mtu kukigusa. Siyo hadithi ya kutishia watoto, nyumba zimeungua. Kitandaze kimoja kimoja nje mpaka kikauke kikakamae, au kitumbukize kwenye kopo la chuma lenye maji na ulifunike.

Kutoka: Mama Pacha

Asante mzee, vitambaa vimetandazwa kwenye kibaraza kama nguo za mtoto mchanga. Swali la mwisho: vase nzito ya kauri niliyoichukua siku hiyo hiyo naweza kuirudisha juu ya kabati usiku huu? Na droo nizifunge?

Kutoka: Fundi Mstaafu

Usizifunge. Rangi kukauka mkononi ni saa mbili, kukomaa ni wiki tatu hadi nne. Ukizifunga leo, kesho utazifungua kwa patasi. Ziache zimetokeza kidogo. Vase isubiri mpaka mafuta yasinate tena kidoleni, halafu iwekee kitambaa cha manyoya chini.

Kutoka: Dada wa Ghorofa ya Nne

Vase ya rangi gani?

Kutoka: Mama Pacha

Kijani cha chura.