Mfongo wa Babu (mfongo ni mfereji wa maji kutoka mlima Kilimanjaro): kikundi cha familia

Jumamosi, Septemba

Mama Upendo, 17:42
Shikamoo Babu, shikamooni wakubwa wote. Nimetoka nduwani, bwawa letu la maji, sasa hivi. Maji yananifika magotini, na mwaka jana siku kama hizi yalikuwa kiunoni. Halafu juu yake kuna vijipande vyeusi vinaelea. Natuma picha.

Mama Upendo, 17:43
📷 Picha

Babu, 17:51
Marahaba mwanangu. Naandikiwa na Upendo. Picha siioni vizuri. Hivyo vyeusi ukivisugua vinachafua kidole?

Mama Upendo, 17:52
Vinachafua, Babu. Ni mkaa.

Babu, 17:55
Basi juu ya banio, pale mfongo unapochukulia maji, kuna mahali pameungua. Maji hayachukui mkaa kutoka hewani.

Mama Neema (Dar), 17:58
Jamani moto tena? Baba msiniambie ni kama ule wa 2020.

Baba Eliya, 18:20
Si kama ule dada, tulia. Nimeshuka kutoka banioni muda huu, nilikuwa sina mtandao. Pameungua sehemu ndogo, ukubwa wa chumba cha kulala, chini ya mti mmoja mkubwa wenye pango la nyuki. Kuna majani ya mgomba makavu yaliyofungwa kama mwenge, limebaki shina lake. Mtu amekwenda kurina asali kwa moto wa wazi, akaondoka.

Baba Eliya, 18:22
Kilichonitisha ni udongo. Juu unaona majivu yamepoa kabisa. Nikaweka kiganja chini, nikakitoa haraka. Nikachimba kwa panga, kwenda chini kama shubiri mbili bado kuna kaa linawaka kwenye mizizi. Nimemwaga madumu manne na bado moshi ulikuwa unatoka pembeni. Nimewapigia askari wa hifadhi, wamepanda wawili na vijana wa kitongoji. Tumechimba mfereji kuzunguka.

Mama Neema (Dar), 18:25
Asante kaka. Mungu akuzidishie nguvu.

Mjomba Tabora, 18:40
Poleni sana. Lakini mimi nina swali la siku nyingi. Huku kwenye miombo tunachoma mapema, mwezi wa tano na wa sita, nyasi zikiwa na ubichi. Moto unapita taratibu chini chini, na ukija wakati wa kiangazi kikali moto haukuti cha kula. Mizinga yetu inapona. Kwa nini huko mlimani msifanye hivyo, badala ya kusubiri Oktoba?

Neema SUA, 18:58
Shikamoo mjomba. Ni swali tulilolijadili sana darasani hapa chuo kikuu cha kilimo, SUA. Huko Tabora uko sahihi. Miti ya miombo ina magome mazito, imeishi na moto miaka mingi, ikiungua inachipua tena. Msitu wetu wa Kilimanjaro ni wa unyevu. Magome ni membamba, na mizizi imekaa kwenye udongo wa majani yaliyooza, udongo wenyewe ni kuni. Ndicho alichokutana nacho mjomba Baba Eliya. Kule ukichoma "kidogo" huna kidogo.

Mjomba Tabora, 19:01
Marahaba. Nimeelewa. Hiyo ya udongo kuwa kuni sikuwahi kuifikiria.

Neema SUA, 19:09
Na kuna jambo naomba niliseme kwa kirefu kidogo, mnisamehe.

Sisi wote tumekua tukiambiwa maji yetu ni ya barafu ya Kibo. Barafu inachangia kidogo sana. Maji ni ya msitu. Juu kabisa ya msitu, kuanzia kama mita 2,800, kuna ile miti ya erika yenye majani madogo kama sindano, inaning'inia ndevu za kijivu. Ukungu ukipita pale kila alasiri unakamatwa na majani na ndevu, unadondoka tone tone hata siku ambayo mvua haikunyesha. Ikiungua, kinachorudi ni vichaka vifupi, na vichaka havikamati ukungu kama miti mirefu. Mtafiti Mjerumani, Andreas Hemp, ameupima mlima huu kwa miongo kadhaa. Mwaka 2005 aliandika kwamba moto umeushusha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita, na kwamba hasara hiyo ni kubwa kuliko ya kuyeyuka kwa barafu. Watalii wanalilia barafu. Sisi wa mifongo tuna haki ya kulilia erika.

Mama Upendo, 19:14
Nimesoma mara mbili. Nikiwa msichana tulipanda na mama kuokota kuni kavu Nusu Maili, ule ukanda wa msitu unaopakana na vijiji, nguo zinalowa bila mvua. Kumbe tulikuwa tunatembea ndani ya maji ya kunywa.

Babu, 19:20
Zamani mzee wa mfongo ndiye alikuwa anakataza. Mti wa kwenye chemchemi haukatwi, na hakuna mtu anayewasha moto juu ya banio. Ukikiuka unatoa mbuzi na pombe, watu wote wanakuja kula kwako na unaona aibu. Siku hizi mzee wa mfongo anazima moto peke yake.

Mama Neema (Dar), 19:24
Baba Eliya, ule wa 2020 ulikuwepo, wasimulie hawa watoto.

Baba Eliya, 19:41
Ulianza Jumapili tarehe 11 Oktoba, pale Whona, kati ya kambi za Mandara na Horombo. Upepo ulikuwa mkali. Tulipanda na matawi mabichi, majembe, mapanga. Wanafunzi wa chuo cha wanyamapori Mweka walikuwepo, askari, wapagazi, watu wa vijiji. Kina mama walipika huku chini, chakula kikapandishwa kwa vichwa. Unapiga moto mbele yako, ukigeuka unaukuta nyuma, umepita chini ya ardhi. Hesabu ya serikali ilikuwa kilomita za mraba 95.5. Miaka miwili baadaye, Oktoba tena, ukawaka upande wa kambi ya Karanga.
Mvua za vuli zilipofika mfongo wetu ulileta matope na majivu hadi kwenye migomba. Tulizibua banio mara tatu ndani ya wiki moja.

Mama Neema (Dar), 19:45
Na hayo maji yakitoka kwenu yanaingia Mto Pangani, yanakwenda Nyumba ya Mungu, Hale, hadi mitambo ya Pangani. Yaani hata taa ya mtu wa Tanga ina tone la huko kwetu.

Deo, 20:32
Shikamoo baba. Shikamooni kaka zangu na dada. Nimesoma tangu jioni, nimeshindwa kula.
Ni mimi.

Deo, 20:34
Nilikwenda Alhamisi. Karo ya mtoto ilinibana, lita moja ya asali mjini ina bei nzuri. Niliukanyaga ule mwenge, nikamwagia maji ya chupa, nikaona umezima. Nikaondoka nikijua umezima. Sikujua kuhusu mizizi. Nisameheni. Baba nisamehe.

Mama Upendo, 20:36
😢 Shemeji

Baba Eliya, 20:44
Deo. Nilipochimba pale niliapa nikimjua huyo mtu nitamfikisha mbali. Sasa sijui niandike nini. Ungeniambia karo.

Babu, 20:57
Deo mwanangu, umesema mwenyewe kabla hujatafutwa, hilo nimelipokea. Kesho baada ya ibada tunakwenda wote wawili kwa mwenyekiti wa kijiji, na Jumatatu kwa askari wa hifadhi. Utaeleza kama ulivyoeleza hapa. Watakachoamua tutakibeba. Mbuzi nitatoa mimi, nawe utanifanyia kazi.

Deo, 20:59
Ndiyo baba. Aika mbe, asante.

Neema SUA, 21:06
Mjomba Deo, wewe una mkono wa nyuki kuliko mtu yeyote ukoo mzima. Kwa nini usirudishe nyuki kihambani, shamba la nyumbani? Kahawa ipo, mparachichi upo, migruvea inatoa maua. Mizinga ya kisasa minne unaanza nayo. Unarina kwa bomba la moshi, moto unabaki ndani ya kopo, hauwashi mwenge. Hupandi msituni kuiba tena.

Mjomba Tabora, 21:10
Mizinga naleta mimi. Hapa fundi wa kuichonga ni jirani yangu. Nikija Desemba natoka nayo mitatu kwenye basi.

Mama Neema (Dar), 21:12
Bomba la moshi, kofia ya wavu na glavu ni zangu. Na karo Deo tuongee pembeni, nipigie.

Baba Eliya, 21:25
Sawa. Sasa tuje kwenye kazi, Oktoba haitusubiri. Jumanne msaragambo, kazi ya pamoja, saa 1 asubuhi, kukutana nduwani. Nimeongea na mwenyekiti, barua anaipeleka KINAPA, ofisi ya hifadhi ya Kilimanjaro, kesho kutwa. Hakuna kuvuka mpaka wa hifadhi bila askari. Tunafyeka upande wetu tu, ule mstari kati ya mashamba ya juu na Nusu Maili. Nyasi zote na majani makavu ya migomba tunayavuta chini, upana wa hatua 6, ibaki ardhi tupu. Mlioona kule Rongai barabara za kuzuia moto za mashamba ya misonobari, ni kitu hicho hicho, yetu ndogo.

Mama Upendo, 21:28
Na mabua ya mahindi? Jirani wa juu anachoma kila mwaka kabla ya kulima.

Baba Eliya, 21:31
Nitakwenda kwake mwenyewe na sitamgombeza. Ana ng'ombe wawili, mabua ni chakula. Yakibaki tunamsaidia kuyarundika yaoze.

Neema SUA, 21:34
Mjomba, na ile mikaratusi mitano ya kwenye chemchemi? Inakunywa sana maji na majani yake yana mafuta, yanashika moto haraka.

Babu, 21:40
Niliipanda mimi mwaka 1978, tuliambiwa ni mti wa maendeleo. Ikatwe. Mbao zitumike kutengeneza paa la banda la nyuki la Deo. Pale pandeni mikuyu na mringaringa, miche nitaitafuta mwenyewe.

Mama Upendo, 21:42
Babu umenitoa machozi. Ile mikaratusi unavyoipenda.

Babu, 21:45
Maji nayapenda zaidi. Upendo anasinzia, tulale. Baba Eliya, kabla hujalala rudi pale ukaweke tena kiganja.

Baba Eliya, 22:50
Nimetoka huko na Deo. Upande wa juu pamepoa. Upande wa bondeni bado pana joto, tumemwaga madumu sita. Deo amekataa kuteremka, amebaki na vijana wa kitongoji na tochi.

Mama Upendo, 22:52
Nampelekea chai na blanketi.