Naomba ushauri: wanafunzi wanaojificha darasani niwaingizeje kwenye utafiti wa kemia?

Habari zenu wakuu. Ninafundisha kemia chuoni hapa Mwanza, naombeni mawazo yenu.

Tuna kazi tunayoshirikiana na wenzetu wa Arusha. Tunachukua magamba ya sato na sangara kwa wapaa samaki, tunayaosha, tunayaanika, kisha tunayachoma kwenye tanuru, nyuzi joto 800 hivi. Kinachobaki ni unga mweupe, madini ya aina ileile iliyomo kwenye mfupa, na unanasa floraidi kwenye maji. Huko Arusha floraidi inaharibu meno na mifupa ya watu, kwa hiyo kazi hii ina maana kubwa.

Shida ni nani anaingia maabara. Wanaojitokeza ni walewale, wengi wavulana waliotoka shule zenye vifaa. Binti wa Ukerewe ambaye bureti, ile mirija ya kupimia kimiminika, ameishika mara ya kwanza chuoni hasogei. Likizo ikifika boom (hela ya mkopo ya kujikimu) limekata, anarudi kisiwani kuanika dagaa apate nauli ya kurudia. Ninaye mmoja, pembeni mwa daftari lake kuna maswali ambayo hata mimi nakaa kuyafikiria. Inaniuma sana.

Mliowahi kufanya hili, posho ya likizo mlipata wapi, hata ya chumba na chakula tu? Mliwachagua kwa kigezo gani zaidi ya GPA? Halafu mwenzangu wa Arusha anataka nitume sampuli peke yake. Mimi nataka wanafunzi wapande basi wakazipime wenyewe, na majina yao yawemo kwenye makala. Nimwambieje bila kuvunja ushirikiano?