Tupeane uzoefu: kabla ya mkono kunyanyuka, kulikuwa na nini?

Assalaam alaykum jamani. Juzi baada ya magharibi tulikaa barazani hapa Michenzani, Unguja, tukibishana kwa nini watu wamekuwa wakali hivi. Mmoja kasema bangi. Mwengine kasema video za kwenye simu. Mzee mmoja akasema ni malezi ya siku hizi, na yeye huyo mtaa mzima unajua alivyokuwa akimpiga mkewe ujanani, ila tuliona muhali kumkumbusha. Basi sitaki nadharia. Kila mtu aseme alilolishuhudia, na hasa kilichotangulia. Majina yawacheni.

Wa Wete:
Uchaguzi wa 1995 nilikuwa na miaka tisa, kwetu Pemba. Baada ya hapo watu wakaanza kususiana. Nikitumwa mafuta ya taa naambiwa nilipite duka la kwanza nende la pili, kwa kuwa la kwanza ni la "wale", wa chama kingine. Mwenye duka lile alikuwa mtoto wa mamake mdogo mama yangu. Napita na chupa yangu mkononi, naye ananitazama mpaka nakata kona. Ikaja harusi haziendewi, kisha maziko. Maiti wa Kiislamu, kisiwani kwetu, anahesabiwa watu wa kumbeba!

Tarehe 27 Januari 2001 risasi zikalia, watu wakafa, wengine wakavuka bahari kwa vyombo mpaka Shimoni, Kenya. Wanaoandika wanasema chanzo ni uchaguzi wa 2000. Sikatai. Lakini mimi nikiulizwa, naanzia kwenye ile chupa.

Wa Jang'ombe:
Yangu ya chuoni, chuo cha Kurani. Maalim wetu akiroweka bakora ya henzerani kwenye ndoo tangu alfajiri ili isikatike. Ukilia unaongezwa, kwa hiyo tulijifunza kulia bila ya sauti, na hilo nililijua kabla ya kuhitimu juzuu ya kwanza. Sasa nina binti wa miaka mitano. Mwezi uliopita nimemkuta uani kawapanga wanasesere wake mkekani, ana kijiti cha muhogo, anawapiga mmoja mmoja. Kila akipiga anasema, "Nyamaza! Nimesema nyamaza!" Chuo hajaanza. Sauti ile ni yangu.

Mama wa Fuoni:
Wanangu, mimi nitasema la muhali. Mtoto wa jirani yangu alidhalilishwa na mtu wa nyumbani mwao. Mama mtu akampeleka hospitali kituo cha Mkono kwa Mkono, kile kinachopokea waliodhalilishwa, mambo yakaandikwa vizuri. Usiku ule ule wakaja wazee wa ukoo na kanzu zao safi. "Huyu ni damu yetu, aibu hii tuisitiri." Siku ya kutoa ushahidi mama mtu hakutokea. Mahakama maalumu za kesi za udhalilishaji tunazo tangu 2021, lakini hakimu atahukumu nini na shahidi kajifungia chumbani? Nilimuuliza, shoga, kulikoni? Kanijibu, "Nikishinda kesi, Idi nitakula na nani?" Sikuwa na jibu. Yule bwana hivi sasa anasalimiwa njia nzima, na mtoto ndiye aliyehamishwa akalelewe shamba.

Wa Mji Mkongwe:
Mbona hakuna aliyetaja unga, haya madawa ya kulevya? Basi nitajitaja mwenyewe. Nimevuta miaka minane, nikapona soba, nyumba ya kuachia unga. Nilikuwa mwizi, sijisafishi. Siku moja nilishikwa na sufuria ya watu, zikaanza kelele za mwizi, mwizi. Walinipiga kwa mabao, kwa viatu, kwa matofali. Aliyenipiga zaidi nilikuwa namjua, na hajawahi kuibiwa hata kijiko. Nilipopona nikamfuata kumwomba msamaha, maana ndivyo tulivyofundishwa kule. Akainama. Akanambia siku ile asubuhi alikuwa kafukuzwa kazi hotelini, na meneja kamtukania mamake mbele ya wageni. Hakumjibu. Alishuka na njia akakuta watu wamezunguka kitu wanapiga, akaingia. Hata hakuuliza nimeiba nini.

Wa Mkoani, Pemba:
Fupi. Shamba la eka tatu alilopewa babu baada ya Mapinduzi. Babu kafa, baba kafa, mirathi haikugawiwa hata mara moja. Kila tukitaka kugawa tunaambiwa muhali, mama yu hai. Mama alipofariki tukawa warithi kumi na saba na mikarafuu inayohesabika. Msimu wa kuchuma, kaka zangu wawili wakakatana mapanga kwa mkarafuu mmoja wa mpakani. Wote wazima, alhamdulillahi, ila mmoja vidole viwili hana. Sheha, kiongozi wetu wa mtaa, alipokuja kupima, mti wenyewe ukaonekana ni wa jirani.

Wa Jang'ombe:
Wa Mkoani, nimecheka halafu nimeona haya.

Wa Michenzani (mwenye mada):
Endeleeni, nasoma yote. Wa Wete, nina swali: duka lile bado lipo?

Wa Wete:
Lipo. Mwenyewe kashatangulia mbele ya haki, sasa anauza mwanawe, rika langu. Tangu ile Serikali ya Umoja ya 2010, vyama vilipokaa pamoja, nanunua kwake, vocha, sukari, kila kitu. Hunipa mpaka kwa mkopo. La chupa hatujalizungumza hata siku moja.