Kifua kinapiga filimbi, pumzi 52 kwa dakika: amoksilini au salbutamol kwanza?

Zahanati_Kayole
Wakuu, naomba maoni. Mtoto ana miezi 18, kilo 11, amekohoa siku tatu, joto 38.4. Pumzi 52 kwa dakika, kifua hakibonyei ndani, uji anakunywa na hatapiki. Oksimita, kipima oksijeni ya damu, inasoma asilimia 93. Tatizo ni filimbi, inasikika pande zote mbili. Mwongozo unasema kuanzia miezi 12 hadi 59, pumzi 40 na zaidi ni nimonia, basi antibiotiki ya amoksilini. Nimpe aende nyumbani, ama nimtume hospitali ya Mama Lucy akapigwe eksirei?

Muuguzi_Wadi_ya_Watoto
Eksirei haitakusaidia hapa. Mtoto asiye na dalili za hatari anatibiwa kwa unachokiona na kukihesabu, na picha yenyewe haiwezi kukutenganishia virusi na bakteria.

Anza na salbutamol, dawa ya kupanua njia za hewa. Inhela ya maikrogramu 100, bonyeza mara mbili kupitia speisa (chupa ya kuvutia dawa), ngoja dakika 15, sikiliza tena, hesabu tena. Rudia hadi mara tatu.

Kama huna speisa, chukua chupa ya soda ya nusu lita. Toboa kitako kwa kisu kikali, tundu liwe na umbo la mdomo wa inhela, likaze. Kata robo ya juu uitupe. Kwenye ukingo uliobaki kata pembe ndogo ya kupitishia pua, kisha lainisha ukingo kwa moto wa mshumaa usimkwaruze. Ikiwa ni mpya, pulizia dawa ndani mara 4 au 5 kabla ya kumwekea mtoto, kwa sababu plastiki mpya huvuta dawa ikaganda ukutani na mtoto akapata hewa tupu. Hapo ndipo watu wengi husema "salbutamol imekataa". Tikisa inhela, bonyeza mara moja, mwache avute pumzi 3 au 4, ndipo ubonyeze tena.

Na kuhesabu ni dakika nzima, nguo imefunuliwa, mtoto ametulia, halii wala hanyonyi. Sekunde 30 ukizidisha kwa mbili, kosa lako nalo unalizidisha kwa mbili.

Zahanati_Kayole
Asante sana, dada. Je, pumzi zikishuka hadi 38, amoksilini bado?

Muuguzi_Wadi_ya_Watoto
Hapana. Hapo unatibu filimbi: anaenda na inhela na chupa yake, mama aonyeshwe mpaka aweze kufanya mwenyewe. Zikibaki 40 na zaidi, anapata vyote viwili.

Mtafiti_Mapafu
Nakubaliana, ila tusivuke mpaka. Kuna wanaosoma kwamba nimonia nyingi za watoto ni virusi, wakaamua kuzuia antibiotiki hata pumzi zikibaki juu. Ni kweli utafiti wa PERCH wa 2019 kuhusu visababishi vya nimonia kali, uliofanywa katika nchi saba, Kilifi ikiwemo, ulikadiria virusi kuwa asilimia 61 ya visababishi na bakteria asilimia 27. Lakini hao walikuwa watoto waliolazwa, wasio na VVU, wenye eksirei iliyoonyesha nimonia. Hesabu ya kundi haikwambii huyu aliye mbele yako ana nini.

Swali la kuzuia dawa lilijaribiwa moja kwa moja kwa watoto wa kupumua haraka tu. Malawi, 2018: matibabu yalishindwa kwa asilimia 4 ya waliopewa amoksilini na asilimia 7 ya waliopewa dawa bandia. Karachi, 2020: asilimia 2.6 dhidi ya 4.9. Wengi walipona bila dawa, ndiyo, ila hatuna njia ya kumtambua mapema yule atakayezidiwa. Kwangu mimi, pumzi zikikataa kushuka, mpe.

Mfamasia_Ngara
Kwenye dozi ndiko mambo huharibika. Miligramu 40 kwa kilo, mara mbili kwa siku. Kilo 11 ni 440, kwa hiyo tembe mbili za 250 za kuyeyuka, asubuhi na jioni, siku 5: tembe 20. Ukiwa na dawa ya maji ya 125 kwa mililita 5, hiyo ni mililita 20 kila mara, yaani chupa mbili za mililita 100. Akipewa chupa moja na "kijiko kimoja mara tatu", anapata 375 kwa siku badala ya 880 au zaidi, halafu tunalaumu usugu wa vijidudu.

Muuguzi_Wadi_ya_Watoto
Nyongeza kuhusu ile 93. Kibanio cha kidole cha mtu mzima hudanganya kwa mtoto. Tumia cha watoto, kwenye kidole gumba cha mguu, mguu uwe na joto, na mpigo wa moyo kwenye kioo ulingane na uliouhesabu mwenyewe. Nairobi tuko juu, mita 1,700 hivi, kwa hiyo 93 peke yake isikutishe. Chini ya 90 ni oksijeni na rufaa. Vivyo hivyo akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea au akiguna kila anapotoa pumzi. Kabla gari halijaondoka mpe dozi ya kwanza: benzilpenisilini yuniti 50,000 kwa kilo na gentamisini miligramu 7.5 kwa kilo.

Mtafiti_Mapafu
Uliza pia kama ametoka ushago magharibi au pwani majuzi; kama ndiyo, pima malaria. Filimbi ya upande mmoja iliyoanza ghafla akila njugu ni suala la kitu kukwama, huyo arufaishwe. Kikohozi cha zaidi ya siku 14, fikiria kifua kikuu.

Zahanati_Kayole
Mizunguko miwili ya salbutamol: pumzi 44, filimbi imepungua. Naongeza wa tatu. Zikibaki hapo, anapata tembe 20 na inhela, na arudi keshokutwa nimhesabu tena, au mara moja akikataa kunywa.