Fraterniti za "tamaduni nyingi" vyuoni Marekani: zilipambana na ubaguzi au ziliuzoea?

Shangazi wa Jersey: Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili. Mtoto wa kaka yangu yuko mwaka wa pili chuo cha Rutgers, anataka kujiunga na chama kimoja cha wanachuo, vile vya herufi za Kigiriki (vya wanaume fraterniti, vya wanawake sororiti). Hiki kinajiita cha tamaduni nyingi: Mlatino, Mhindi, Mweusi, Mzungu, wote ndani. Kaka kakataa katakata, anasema watu weusi wana vyao, waende huko. Mimi naona ni historia ya heshima. Mu Sigma Upsilon, sororiti ya kwanza ya aina hiyo, ilizaliwa hapohapo Rutgers mwaka 1981. Nyie mnaonaje?

Kiboko ya Njuka: Shangazi, usitulishe matango pori. Mchanganyiko haukuanza 1981. Pi Lambda Phi ilianzishwa Yale 1895 kwa sababu vyama vya wakati ule vilichagua watu kwa dini na ukoo. Halafu 1948 ikaja Beta Sigma Tau, weusi na weupe pamoja, na 1960 ikamezwa na hiyohiyo Pi Lambda Phi. Sasa jiulize: kama mchanganyiko ulikuwa unalipa, mbona uliishia kumezwa?

Shangazi wa Jersey: Nimeandika SORORITI. Ya wanawake. Soma kwanza, kijana, halafu ndiyo ukosoe.

Mtumishi Mbagala: Viapo vya siri, salamu za mikono, herufi za Kigiriki. Hiyo ni freemason tu. Mwokoeni mtoto mapema.

Dkt. Kijiweni: Yaani kila kitu kwenu freemason. Martin Luther King alikuwa Alpha Phi Alpha, chama cha wanachuo weusi kilichoanzia chuo cha Cornell 1906. Nkrumah na Azikiwe walikuwa Phi Beta Sigma, nayo ya weusi. Kamala Harris ni AKA (Alpha Kappa Alpha), sororiti ya weusi iliyoanzia chuo cha Howard. Nao wametoa kafara?

Mtumishi Mbagala: Thurgood Marshall, yule mwanasheria mweusi, naye alikuwa Alpha, si ndiyo? Katafute alikuwa nani pembeni. Freemason wa Prince Hall, yaani freemason ya weusi, tena ngazi za juu. Nasubiri.

Dkt. Kijiweni: Kweli alikuwa. Na ndiye aliyesimamia kesi ya Brown hadi shule zikakatazwa kubagua, 1954. Kama hiyo ndiyo kazi ya shetani, basi atuletee na ya maji Mbagala.

Kiboko ya Njuka: 😂😂😂 Daktari umeua.

Mtumishi Mbagala: Usitukane Mbagala. Wewe unayekaa kwa mkopo Mbezi ndiyo unatucheka?

Msafiri Ohio: Turudi kwenye hoja. Mwaka 1948 pale chuo cha Amherst, tawi la Phi Kappa Psi lilimpokea kijana mweusi. Makao makuu yakalisimamisha. Vijana wakakataa kumfukuza mwenzao, wakajitenga na kubaki chama cha hapohapo chuoni. 1965 Stanford, Sigma Chi nao wakasimamishwa muda si mrefu baada ya kuchukua mwanachama mweusi. Hawa ndio waliolipa gharama. Kufungua chama kipya pembeni ni rahisi, shughuli ni kubanana kwenye chama cha zamani.

Mama Twins: Rahisi kwako wewe mwanaume wa Ohio. Mtoto yuko peke yake chuoni, hana ndugu, unamwambia akabanane na watu wasiomtaka?

Msafiri Ohio: Kuwa mwanaume kumeingiaje hapa?

Mama Twins: Kumeingia palepale ulipoandika "rahisi". Shangazi, huyo mtoto ni wa kike au wa kiume?

Shangazi wa Jersey: Wa kiume. Sororiti niliitaja kama historia, na Kiboko ndiye aliyenivuruga.

Kiboko ya Njuka: Haya, lawama zote kwangu. Ila muulize kuhusu mateso ya kujiunga. 2013 mwanafunzi wa chuo cha Baruch, New York, alifariki milimani Pennsylvania kwenye mambo ya Pi Delta Psi, fraterniti ya Waamerika wa asili ya Asia. Mahakama ikaipiga marufuku jimboni miaka 10. Kwa hiyo msidhani unyama ni wa Wazungu peke yao. Sisi wenyewe bweni tuliwafanya nini manjuka, wale wanafunzi wapya?

Mama Twins: Wewe ndiye utuambie, jina lako linajieleza.

Mtumishi Mbagala: Mmeona? Damu hiyo. Na jengo la freemason lipo Sokoine Drive hapa Dar, wazi kabisa, hakuna anayehoji.

Dkt. Kijiweni: Marehemu Sir Andy Chande alisema hadharani kwamba ni freemason, na alikuwa kiongozi wao Afrika Mashariki nzima. Siri gani hiyo yenye kibao mlangoni?

Mtumishi Mbagala: Nimepita pale jioni mara nyingi. Madirisha yote yamefungwa.

Dkt. Kijiweni: Mtumishi, Posta jioni hata benki hufunga madirisha.