Kikundi cha ukoo: pesa za nyumba ya Bibi, Nzega, Tabora

Baba Mkubwa: Wadogo zangu na wanangu, habari za jioni. Michango ya nyumba ya Mama imefika laki tisa na nusu. Fundi wa dari yuko tayari kuanza Jumatatu na rangi nimeshaulizia bei. Kuna mwenye neno kabla sijamlipa?

Kaka Dar: Shikamoo Baba Mkubwa. Mimi sina neno. Bibi anastahili dari.

Baba Mkubwa: Marahaba.

Shangazi Kahama: Mimi ninalo, kaka. Naomba usimlipe fundi wa dari. Mvua za msimu zinaanza Novemba na paa la Mama halijafungwa.

Baba Mdogo Mwanza: Dada, paa si ni bati? Tuliezeka wenyewe.

Shangazi Kahama: Ni bati, ndiyo. Lakini kenchi, zile mbao zinazobeba paa, zimekaa tu juu ya ukuta wa tofali mbichi, hazikushikwa na kitu chochote. Na nimeona mmepanga mawe juu ya bati ili upepo usilibebe. Upepo ukizidi, jiwe linashuka na bati pamoja, na chini kuna mtu.

Baba Mdogo Mwanza: Sawa, lakini Nzega kuna maafa gani? Bahari hatuna, mlima wa moto hatuna, hata mto mkubwa wa kufurika hatuna. Mimi nimekulia pale, sijawahi kusikia.

Shangazi Kahama: Mwakata nako hawakuwa na bahari wala mlima. Ni hapa kwetu Kahama, nchi tambarare, mashamba ya pamba na mpunga, kama nyumbani tu. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015 ikaja mvua ya mawe na upepo mkali. Wakafa watu 42. Nyumba za tofali mbichi zililowa zikawaangukia waliokuwa ndani. Nyumba zile na ya Mama ni udongo mmoja, kaka. Kila Machi ikifika mimi simu silali nayo mbali.

Dada Tabora: 🙏🙏

Kaka Dar: Hata Katesh ilikuwa hivyo. Tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili asubuhi, tope likashuka kutoka mlima Hanang. Watu wakadhani volkano imelipuka. Wataalamu walipokwenda wakasema ni sehemu ya mlima ilinyonya maji mpaka ikashindwa kujishikilia. Walikufa zaidi ya watu 80.

Baba Mdogo Mwanza: Hanang ni mlima, mwanangu. Sisi hatuna mlima.

Shangazi Kahama: Ndiyo maana nasema tusitazame ya Hanang wala ya baharini. Tutazame kitakachotuua sisi. Kwetu ni ukuta uliolowa, paa lisilofungwa, radi, maji machafu baada ya mvua, na mwaka ambao mvua haikuja. Hayo matano tu. Na mengi kati yake dawa yake haifiki bei ya dari.

Mama Mdogo Shinyanga: *Ujumbe umesambazwa mara nyingi* TAHADHARI!!! Tetemeko kubwa litapiga Tabora, Shinyanga na Singida LEO saa 8 usiku. Laleni nje. Tuma kwa watu 20.

Kaka Dar: Mama Mdogo, samahani, huu usiusambaze. Hakuna mtu duniani anayeweza kutaja siku na saa ya tetemeko. La Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 hakuna aliyelitangaza kabla. Mvua na upepo ndivyo vinavyotabirika, na wa kuwasikiliza ni TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wanaanza na angalizo, hali ikizidi tahadhari, kisha tahadhari kubwa. Ikitoka inayohusu Tabora nitaiweka humu siku hiyohiyo na nitampigia Bibi.

Mama Mdogo Shinyanga: Asante mwanangu, nimeufuta. Nilikuwa nimeshaogopa.

Baba Mkubwa: Dada, tuambie basi. Ungekuwa na hizo laki tisa na nusu ungefanya nini?

Shangazi Kahama: Kwanza miguu ya ukuta. Tofali mbichi likikaa kavu linadumu miaka na miaka, likinywa maji linarudi kuwa tope. Maji ya paa yanaanguka pale chini ya bati, yanaruka, yanakula ukuta kila msimu. Ukuta wa nyuma upande wa jikoni umeshaliwa, nimeingiza ngumi nzima. Kwa hiyo: mtaro wa kuyapeleka maji mbali, baraza la mawe na saruji kuzunguka nyumba lenye mteremko wa kwenda nje, na pale palipoliwa pajengwe upya kwa tofali za kuchoma. Pili, kenchi zifungwe. Waya mnene, au vile vyuma bapa, upite juu ya kenchi, ushuke ndani ya ukuta kozi kadhaa za tofali, usiishie kwenye tofali la juu. Linta, ule mkanda wa zege juu ya ukuta, hatuwezi kuipata sasa bila kubomoa, lakini kufunga tunaweza. Papi, zile mbao za kupigilia bati, zilizooza zitolewe, na misumari iliyolegea ibadilishwe yote.

Baba Mkubwa: Na mawe?

Shangazi Kahama: Yashuke siku hiyohiyo paa likishafungwa. Tutayatumia kwenye baraza.

Mdogo Wetu Nyumbani: Shikamooni nyote. Niko na Bibi hapa, namsomea. Anauliza dari imefutwa?

Shangazi Kahama: Mwambie Mama haijafutwa, tunajadili. Yeye anatakaje?

Mdogo Wetu Nyumbani: Anasema dari hakuiomba. Anasema anataka baraza, aanikie michembe yake, viazi vitamu vya kukausha, bila kuku kumwaga. Halafu anasema niandike haya kama anavyoyasema. "Mnazungumza upepo peke yake. Mimi nimeona njaa ya mwaka 1973 na 1974. Tulikula unga wa njano mliokuja kuuita Yanga. Aliyekuwa na kihenge chenye mtama na magunia ya michembe na matobolwa, vile viazi vya kuchemsha na kukausha, ndiye hakusimama foleni. Siku hizi mnavuna, mnauza yote Juni, Januari mnanunua kwa bei mara mbili. Mtanipigia dari, chini yake nilale njaa?"

Baba Mkubwa: Mama amesema kweli. Mimi mwenyewe niliuza mapema mwaka huu.

Dada Tabora: Bibi shikamoo! Akiba ya mahindi iwekwe kwenye ile mifuko isiyopitisha hewa. Yawe yamekauka vizuri, mfuko ufungwe kabisa, wadudu wanakufa wenyewe bila dawa. Na mifuko ikae juu ya mbao, isiguse sakafu wala ukuta.

Mdogo Wetu Nyumbani: Anasema marahaba, na anauliza habari ya radi. Jirani amemwambia afunike kioo na asivae nyekundu.

Dada Tabora: Bibi, kufunika kioo hakuna madhara, ila hakutamlinda mtu. Radi inapenda kirefu kilichosimama peke yake, kama ule mwembe wa uwanjani. Januari 2025 kule Bukombe, Geita, iliua wanafunzi 7 wakiwa darasani, kwa hiyo hata ndani lazima tukae vizuri: mbali na ukuta, dirisha na nyaya, simu isiwe kwenye chaji. Mdogo wetu, hili ni lako hasa ukiwa machungani. Ukiona mwako, hesabu. Ngurumo ikifika kabla ya 30, rudi nyumbani upesi, ng'ombe waache. Baada ya ngurumo ya mwisho subiri nusu saa ndipo utoke.

Mdogo Wetu Nyumbani: Niwaache kweli? Babu mdogo atanigombeza.

Baba Mkubwa: Hakuna wa kukugombeza. Mimi nimesema. Ng'ombe wananunulika.

Dada Tabora: Na jambo moja naomba kila mtu alishike, maana linaua watu wanaoweza kupona. Aliyepigwa na radi HANA umeme mwilini. Msimwogope, msisubiri mganga, msimzike kwenye mchanga. Kama hapumui, mtu aanze kumkandamiza kifua katikati, kwa nguvu na haraka, bila kuacha, huku mwingine anatafuta usafiri wa hospitali. Nitakuja Desemba niwafundishe kwa vitendo hapo uwanjani, na majirani waitwe.

Shangazi Kahama: Njoo, mwanangu. Na la maji ongezea.

Dada Tabora: Mvua kubwa ikipita, maji ya kisima yachemshwe hata kama yanaonekana safi, kwa sababu vyoo vinafurika. Mtu akianza kuhara na hakuna ORS, ile dawa ya pakiti ya kurudisha maji mwilini: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vya kusawazisha, chumvi nusu kijiko cha chai. Aanze kunywa kidogokidogo njiani, asisubiri kufika zahanati.

Baba Mdogo Mwanza: Nimekuwa nasoma kimya. Dada, umenishinda. Ila niulize: ukuta ukianza kuanguka usiku, Mama afanye nini? Hawezi kukimbia.

Shangazi Kahama: Asingoje uanze. Ukuta unatoa dalili: ufa mpya kwenye kona, tumbo, udongo unaomwagika, mlango uliokuwa unafunga vizuri ghafla unakwama. Ikionekana yoyote, anahamia usiku huohuo kwenye chumba cha tofali za kuchoma. Tena asirudi kwa sababu mvua imekatika, kuta nyingi huanguka baadaye, maji yakishazama. Na kuanzia leo kitanda kiondoke kwenye ukuta wa nyuma.

Mdogo Wetu Nyumbani: Nakisogeza sasa hivi.

Kaka Dar: Vitambulisho, kadi za bima na kadi za kliniki viingie kwenye mfuko mmoja wa nailoni, utundikwe karibu na mlango. Tochi ya sola nitatuma na basi. Zimamoto ni 114, polisi 112, zibandikwe ukutani.

Baba Mkubwa: Bandikeni, lakini tuseme kweli, gari la zimamoto mpaka lifike kule kijijini, saa zimepita. Atakayemtoa Mama ni jirani. Sisi tulikuwa na mwano, ule ukelele wa kuita watu. Ukipigwa, hakuna anayebaki kitandani. Nitazungumza na mwenyekiti wa kitongoji tukubaliane kwamba mwano ni wa mvua pia, si wa wezi wa ng'ombe peke yao. Na nani anaenda kumtazama nani, tukianza na wazee wanaoishi peke yao.

Mama Mdogo Shinyanga: Hilo zuri sana shemeji. Yule bibi wa nyumba ya pili hana hata mjukuu. Mimi naongeza elfu hamsini, kenchi zake nazo zifungwe.

Mdogo Wetu Nyumbani: Kitanda kimesogea. Nyuma yake ukuta umelowa mpaka usawa wa goti, na hii ni kiangazi.

Shangazi Kahama: Maji yanatoka kwenye kile kibanda cha kuogea, yanatuama pale. Kesho funga upande ule, muogee nje kwa muda. Halafu pima ukuta huo wote, urefu na palipoliwa. Kama futi haipo tumia kamba, uweke fundo, nitapima mwenyewe nikija Jumamosi na fundi.

Baba Mkubwa: Fundi wa dari nimeshampigia, nimemwomba radhi. Dada, nakutumia laki tano usiku huu za saruji na waya.