Sabuni ya nazi imegoma kuganda, naomba ushauri

Binti Likoni
Asalaam aleikum wana jukwaa. Nimetengeneza sabuni kwa lita moja ya mafuta ya nazi ya kukamua nyumbani. Nimekoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Tangu Ijumaa mafuta yanaelea juu, chini maji na chengachenga nyeupe. Vipimo nimefuata vyote. Nataka kutia chumvi au unga wa muhogo igande. Kipi bora?

Fundi Mizani
Hakuna hapo. Kisichokuwa sabuni hakigandishwi kwa unga. Taja gramu za mafuta, za kostiki (ile soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) na za maji. Lita moja ya mafuta ya nazi ni kama gramu 920. Ukitaka asilimia 5 ya mafuta ibaki bila kugeuka, kostiki ni gramu 160.

Mama Viungo
Dadangu, na kama una mpango wa kutia mafuta ya karafuu, kijiko kimoja cha chai kisizidi, tena mwisho kabisa. Karafuu huharakisha, rojo hukukamata mwiko kabla hujamimina. Na asumini usibandike juu, hugeuka kahawia.

Shemeji wa Bamburi
Mtu analia sabuni haigandi, wewe ushafika kwenye asumini 😂

Binti Likoni
Asante Mama Viungo, asumini ndiyo niliyokuwa nataka. Fundi, nimetia kikombe kimoja.

Fundi Mizani
Kikombe cha nini?

Shemeji wa Bamburi
Cha kahawa chungu ama bilauri ya maji? Hapo ndipo penye kesi.

Binti Likoni
Mbona mnanihoji kama niko kortini? Nimekorogea kwenye jagi la plastiki nikiwa nimelipakata, bila glavu, na hata joto sikusikia. Kwa hivyo si kali, msinitishe.

Msema Kweli
Uzi wa kutunga huu. Gramu 160 za kostiki kwenye gramu 320 za maji hupanda hadi digrii 80 na zaidi kwa dakika chache, na mvuke wake unakaba koo. Hakuna binadamu aliyelipakata jagi hilo. Tafuteni kazi nyingine.

Fundi Mizani
Ama hajatunga, ila hiyo si kostiki. Bi Likoni, umetia magadi ya kupikia maharage?

Binti Likoni
Ni magadi ndiyo. Kostiki inachoma watu, nami nataka sabuni ya asili. Si yametoka ziwani, kemikali iko wapi? Na mteja ameshalipa nusu, vipande vya kutunza wageni wa harusi, wiki ijayo. Siwezi kuanza upya.

Mama Viungo
Pesa ya watu kabla ya bidhaa! Lo!

Fundi Mizani
Magadi ni dhaifu, hayavunji mafuta mazima kwa kukoroga. Wazee walichemsha magadi au maji ya majivu na chokaa iliyozimwa: chenga nyeupe zikazama, maji makali yakabaki juu. Maji hayo ni kostiki ileile, ila nguvu yake huijui, na sabuni ya kuuza haipimwi kwa kubahatisha. Kostiki ikipimwa sawasawa huisha yote kwenye mafuta, haibaki ya kuchoma mtu.

Mafuta yako hayajaharibika. Yaengue, yaoshe kwa maji ya uvuguvugu, yaache yatengane, kisha yapashe moto mdogo mpaka yaache kutatarika. Yapime upya. Kwa gramu 920 tia kostiki gramu 135 tu, kwa maji gramu 350. Nazi tupu hukausha ngozi, kwa hiyo acha asilimia 20 ya mafuta ibaki ziada, bila kugeuka. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, si maji juu ya kostiki. Glavu, miwani, dirisha wazi. Sufuria ya alumini usiiguse: hutoa gesi inayowaka na kutoboka. Chuma cha pua.

Kwa kuwa una wiki moja tu, pika: weka sufuria ndani ya maji yanayochemka, saa moja hadi mbili, mpaka yote ing'ae kama vazelini na pasibaki weupe wa mafuta. Mimina, na ukate ikiwa bado vuguvugu. Nazi tupu ikipoa sana hupasuka vipandevipande. Usifunge kwa plastiki, unyevu wa Mombasa utaitoa jasho. Karatasi.

Msema Kweli
Basi nimekubali, hakutunga. Ila mteja aambiwe sabuni ni changa, ikae wiki nne ndipo itumike, la sivyo itayeyuka sinia zima.

Binti Likoni
Mteja sitamwambia, atanidai pesa. Mizani ninayo ya unga, inaruka gramu tano tano. Itafaa?

Fundi Mizani
135 yako yaweza kuwa 140. Kwa ziada ya 20 haitachoma, kwa sababu kikomo, yaani kostiki ya kugeuza mafuta yote, ni kama gramu 168. Siku utakayoshuka hadi ziada ya 5, nunua ya gramu moja moja.

Shemeji wa Bamburi
Harusi ya nani hiyo? Nijue nisiichukue.